Somo: Kusoma anwani ya Kijapani mpaka ufike mlangoni

Habari zenu wadau. Mmeniomba sana somo hili, hasa mnaojiandaa kwenda Japani kusoma na mnaoagiza magari huko. Kabla ya hatua zenyewe, shikeni jambo moja: Japani barabara nyingi hazina majina. Kinachopewa namba ni ardhi. Fikiria hati ya kiwanja chako, "Kiwanja Na. 12, Kitalu C". Haitaji barabara, na bado kiwanja kinajulikana. Wenzetu wanapelekeana barua kwa mtindo huo.

Tutumie anwani ya Tokyo Tower: 〒105-0011, Tokyo-to, Minato-ku, Shibakoen 4-2-8.

Hatua ya 1: Postikodi. Alama ya 〒 ni ya posta yao tangu 1887, na namba inayoifuata ndiyo postikodi. Tarakimu ni saba tangu Februari 1998. Kuanzia 1968 zilikuwa tatu au tano. Tatu za mwanzo zinakufikisha eneo, nne za mwisho zinashuka hadi mtaa. Kwa hiyo 105-0011 ni Shibakoen nzima, nyumba bado. Ukijaza fomu ya Kijapani mtandaoni, mara nyingi ukiweka hizo saba, mkoa, manispaa na mtaa vinajijaza vyenyewe.

Hatua ya 2: Shuka toka kikubwa kwenda kidogo. Tokyo-to ni mkoa (Japani nzima mikoa iko 47), Minato-ku ni manispaa, Shibakoen ni mtaa. Halafu 4 ni chome, sehemu ya mtaa. 2 ni ban, yaani kitalu. 8 ni go, namba ya jengo. Kwa herufi zetu mpangilio hupinduliwa: 4-2-8 Shibakoen, Minato-ku, Tokyo. Lakini zile namba tatu hazipinduliwi kamwe! Ukiandika 8-2-4 umemtuma mtu kwingine kabisa.

Hatua ya 3: Ukiwa pale, tafuta kitalu kwanza. Hapa ndipo watu wanapotea, na mimi nilipotea usiku wangu wa kwanza. Nilikuwa natafuta jengo namba 8. Nikaiona 7, nikanyoosha mbele na begi langu, nikavuka barabara, nikakuta 3. Nilikuwa nimeshatoka kwenye kitalu changu bila kujua. Namba za majengo huzunguka ukingo wa kitalu kama mshale wa saa, kwa hiyo namba 1 na ile ya mwisho ni majirani. Soma kibao kwenye nguzo ya umeme au ukuta wa kona. Kimeandikwa mtaa, chome na ban. Vikilingana na vyako, usivuke barabara tena. Zunguka kitalu hichohicho, ukisoma vibao vidogo vya namba milangoni, mpaka ufike.

Ukikwama ingia koban, kibanda cha polisi wa mtaa. Kuelekeza wapita njia ni sehemu ya kazi yao, na mara nyingi ramani ya vitalu wanayo.

Hatua ya 4: Ramani. 〒 ndani ya duara ni posta, 卍 ni hekalu la Kibudha, 文 ni shule.

Angalizo: mfumo huu wa vitalu umetokana na sheria ya 1962, na haujafika kila mahali. Kwingine bado wanatumia chiban, namba za usajili wa viwanja, na huko jirani wa 15 anaweza kuwa 230. Tegemea ramani.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva, Mombasa: Mwalimu, gari langu limetoka Japani na skrini ya Kijapani. Nikibonyeza ramani inaleta 〒 na nafasi za namba. Ni nywila?

Jibu: Hapana kaka, inakuuliza unakwenda wapi. Dereva wa Japani huingiza postikodi, au namba ya simu ya mahali anapokwenda. Ramani iliyomo ni ya Japani, hapo Mombasa haikufai. Redio ikidai namba baada ya kung'oa betri, hiyo ndiyo nywila, na ni suala la fundi.

Mama Nuru, Tanga: Mwanangu yuko Kyoto, anwani yake ndefu ina neno "agaru". Naweza kulifupisha?

Jibu: Shikamoo mama. Usikate hata neno. Kyoto ya kati barabara zina majina, na agaru ni kupanda, yaani kwenda kaskazini. Sagaru ni kushuka kusini. Anwani ya ofisi ya jiji inaanza "Teramachi-dori Oike agaru": shika barabara ya Teramachi, ukifika Oike panda kaskazini. Andika pia jina la jengo na namba ya chumba. Kama anakaa nyumbani kwa mtu, weka jina la mwenyeji likifuatiwa na "sama-kata", maana mleta barua huangalia jina lililo mlangoni.

Mtarajiwa, Kigali: Mimi naenda Sapporo. Ni vilevile?

Jibu: Kwako ni rahisi zaidi, mdogo wangu. Katikati ya Sapporo ni gridi. "Kita 3-jo Nishi 6-chome" ni safu ya tatu kaskazini, ya sita magharibi. Kaskazini na kusini wanahesabu kuanzia Odori, bustani ndefu ya katikati ya jiji, mashariki na magharibi kuanzia mto Sosei.