Mpango wa kupunguza upotevu wa maji: kabla hujachimba, funga kanda

Juzi nimemaliza kumsaidia mhandisi kijana wa mamlaka moja ya maji kuandaa mpango wake. Alikuja na bajeti ya kubadilisha mabomba, tayari imepigiwa hesabu hadi bei ya viungio. Nilimwomba aiweke kando, maana hakuwa amejua maji yanapotelea wapi. Tukaenda hivi.

Hatua ya 1: Mizania ya maji. Chukua maji yote yaliyoingia kwenye mtandao kwa mwaka, toa yaliyotumika kihalali. Kinachobaki kigawe: upotevu wa kibiashara (dira, yaani mita za maji, zinazosoma pungufu, wizi, makosa ya bili) na uvujaji wenyewe. Hakiki kwanza dira kubwa za kwenye chanzo. Zikikosea, kila namba inayofuata imekosea.

Hatua ya 2: Achana na asilimia. Kiwanda kikubwa kikifungwa, asilimia ya upotevu inapanda bila bomba hata moja kupasuka. Tumia lita kwa kila unganisho la mteja kwa siku, na uandike msukumo wa wastani pembeni yake.

Hatua ya 3: Gawa mtandao kwa kanda. Maunganisho 500 hadi 3,000 kwa kanda yanatosha. Kila kanda mlango mmoja wa kuingizia maji, dira moja.

Hatua ya 4: Thibitisha kwamba kanda imefungwa, yaani maji hayapiti popote ila kwenye mlango wake. Hapa ndipo nilipopoteza usiku tatu nilipoanza kazi hii, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ramani itakuambia mpaka wa kanda una valvu sita. Usiiamini. Nenda na mafundi wa zamani, wao wanazijua zilizofukiwa chini ya lami. Kila valvu ihesabu mizunguko hadi ifunge na uandike daftarini, pamoja na upande inaofungia, kwa sababu zipo zinazofunga kinyume na nyingine. Mimi niliikuta moja ya namna hiyo usiku wa tatu: tulikuwa tunaikaza kwa nguvu zote, kumbe tunaifungua.

Kisha jaribio la msukumo sifuri. Fanya usiku wa manane. Wateja watangaziwe mapema, na hospitali zipewe taarifa ana kwa ana. Funga geji mahali pa chini kabisa kwenye kanda, funga valvu zote za mpakani, halafu funga mlango na ufungue haidranti (bomba la zimamoto) ya hapo hapo chini. Sindano inapaswa kushuka hadi sifuri na kubaki hapo. Ikishuka nusu ikasimama, au ukifunga haidranti ikaanza kupanda taratibu, maji yanaingia kutoka kanda ya jirani. Weka fimbo ya kusikilizia juu ya kila valvu: ile isiyofunga vizuri utaisikia ikifoka. Kama zote ziko kimya na sindano bado inapanda, kuna bomba lisilo kwenye ramani.

Ukirudisha maji, fungua polepole sana na utoe hewa. Ukifungua kwa pupa utapasua mabomba ambayo jana yalikuwa mazima.

Hatua ya 5: Pima mtiririko wa usiku. Kati ya saa 8 na saa 10 usiku watu wengi wamelala, hivyo sehemu kubwa ya kinachopita kwenye dira ni uvujaji. Toa matumizi halali ya usiku. Lakini kama maji ni ya mgao, kipimo hiki kitakudanganya: matangi ya majumbani yanajazwa usiku. Ipe kanda hiyo maji saa 24 kwa siku kadhaa kwanza, ndipo upime.

Hatua ya 6: Punguza msukumo. Mimi naanza hapa kabla ya kutafuta uvujaji. Valvu ya kupunguza msukumo inapunguza uvujaji wa kila tundu kwa pamoja, hata yale usiyoweza kuyasikia.

Hatua ya 7: Weka ukomo wa muda wa matengenezo. Bomba likipasuka na kumwaga lita 5 kwa sekunde, likatengenezwa ndani ya siku moja, limepoteza mita za ujazo 432. Kiungio cha mteja kinachovuja lita 0.2 kwa sekunde kwa siku 100 kinapoteza 1,728, na hakuna anayepiga simu. Kwa hiyo kwenye mpango andika siku za kugundua kwamba kuna uvujaji, siku za kutafuta ulipo na siku za kutengeneza, kila moja kivyake, na jina la anayewajibika mbele yake.

Bajeti ya mabomba ya yule kijana tumeirudisha mezani sasa, kwa kanda mbili tu.