Bobini za stendi ya nyuma, pima kwanza
Wadau, kama unataka kuinua pikipiki kwa ile stendi ya nyuma ili uoshe cheni bila kuisukumasukuma, chungulia kwanza kwenye swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma, pikipiki nyingi za spoti zina tundu lenye thredi kila upande tayari, la kufungia bobini, vile vipande vya duara ambavyo stendi huvishika ikiinua. Bolti za bobini huwa za milimita 6, 8 au 10 kwahiyo usikadirie kwa macho, pima. Anza kufunga kwa vidole tu, ikigoma usilazimishe na spana, swingamu mara nyingi ni aluminiamu, thredi zinakufa fasta, mi nishaua moja na roho iliniuma sana. Huna matundu? Chukua stendi yenye vikalio vya mpira, vinakaa chini ya swingamu. Na siku ya kwanza mtu akushikie usukani.