Kujipanga Upya Baada ya Mtaji wa Dagaa Kukatika

Mtaji wa dagaa unapokatika, wengi wetu hapa Kigoma hukimbilia mkopo mwingine ili kuurudisha, kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya mara mbili kabla ya kukubali kwamba kazi ya kwanza ni kuhesabu. Chukua daftari, kaa mahali ambapo hutasumbuliwa, uandike kila anayekudai, kiasi anachodai, riba yake, tarehe ya kulipa na kitu ulichoweka dhamana. Usiliache hata deni la duka la jirani, kwani madeni madogo ndiyo yanayomfanya mtu mzima apite njia za uchochoroni. Ukurasa unaofuata uandike wale unaowadai wewe. Mara nyingi orodha hiyo ni ndefu kuliko ulivyodhani, ingawa nusu yake huenda usilipwe.

Madeni hayo yapange kwa ukali wa riba, si kwa ukali wa sauti ya mwenye deni. Mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku au kila wiki, ndiyo ya kumaliza mwanzo, hata kama shemeji yako amenuna. Mwendee kila mdai kabla ya tarehe kufika, umtajie kiasi unachoweza kulipa kweli, na makubaliano yaandikwe mbele ya shahidi, kama vile mwenyekiti wa mtaa au mzee mnayemheshimu wote wawili. Kukimbia hakusaidii: mji huu ni mwisho wa reli, na aliyevuka ziwa kukwepa deni bado atapigiwa simu.

Suala la tarehe linahitaji uangalifu zaidi, na ndipo wengi wanapoanguka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapowaka taa hizo hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa mwezi unapokuwa mpevu. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, hivyo giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, husogea kidogo kidogo kwenye kalenda, na aliyeahidi kulipa kila tarehe 30 atajikuta baada ya miezi kadhaa tarehe hiyo imeangukia wakati hana hata beseni moja la kuuza. Omba marejesho yako yafuate giza. Fedha ya giza nayo igawe siku ileile unapoipata: kwanza chakula cha siku za mbalamwezi, kisha deni, na kinachobaki ndicho mtaji. Nilipokuwa naanza na deni, watoto walikula kwa kukopa, na deni jipya likazaliwa dukani.

Weka pia akiba ya muda mrefu, tena ikiwezekana iwe unga wa muhogo na mahindi badala ya fedha, ambayo huombwa na kila ndugu. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, aliyekuwa na magunia ndani alipata nafasi ya kufikiri; asiye nayo alilazimika kuuza vyombo.

Biashara yenyewe irudishe kwa mzigo mdogo unaoweza kuusimamia kwa macho yako. Anika juu ya chanja, si mchangani, kwa kuwa dagaa wasio na mchanga hupata bei nzuri zaidi, na wakati wa masika usinunue mzigo ambao huna turubai la kuufunika.

Baada ya miezi kadhaa ya daftari lisilo na mapengo, ndipo ufikirie mkopo usio na riba wa halmashauri, ambao hutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hutolewa kwa vikundi, hivyo chagua wenzako kwa tabia ya kulipa, si kwa urafiki wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Siku unapomaliza deni lolote, mwombe mdai aandike kwa mkono wake kwamba amelipwa, atie sahihi na tarehe, kisha uondoke na dhamana yako siku hiyohiyo, hata kama ni redio iliyokwisha kuharibika.