Kabla ya Mtihani wa Vitendo wa Umeme wa Majumbani: Andaa Mikono, Andaa na Mita

Fundi anayeanguka kwenye mtihani wa vitendo wa umeme wa majumbani mara nyingi anajua kufunga taa vizuri tu. Kinachomwangusha ni kupima: ama hakubakiza muda, ama alipima bila kuelewa mita inamwambia nini. Maandalizi yaelekee huko.

Kwanza, jua unaingia kwa mlango upi. Ngazi za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, zinapanda kutoka ya kwanza hadi ya tatu, ilhali kwenye majaribio ya zamani ya gredi, Gredi III ndiyo iliyokuwa ya chini. Mtu akisema "nina tatu", muulize tatu ipi. Aliyejifunzia ufundi mtaani halazimiki kuanza darasani upya, kwa sababu upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa kwanza, kisha anafundishwa pale alipopungukiwa. Majina kwenye fomu yafanane herufi kwa herufi na ya kitambulisho cha NIDA. Kumbuka pia kwamba cheti si leseni. Kwa Tanzania Bara, leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na huombwa peke yake.

Kwenye nadharia, zoea mpangilio mmoja wa hesabu: mzigo, breka, waya. Jiko la wati 6,900 kwenye volti 230 linavuta ampea 30. Breka iwe juu ya hapo, yaani 32. Kisha waya uweze kubeba hiyo 32 bila kuchemka, na kwa kawaida ni milimita za mraba 6. Kosa la kila siku ni kuchagua waya kwa kuangalia ampea 30 za mzigo na kuisahau breka. Waya unaobeba chini ya breka yake utaungua kabla breka haijakata.

Sasa kwenye ubao unaofungia kazi ya vitendo. Menya waya kiasi cha kuingia kwenye tundu la skrubu tu. Shaba ikionekana nje alama zinapungua, na skrubu ikibana plastiki mguso unakuwa hafifu. Usizungushe kisu kuikata shaba, kwani ule mkwaruzo ndipo waya unapokatikia ukiukunja. Kila boksi liachie waya wa sentimeta 15 hivi, na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ambayo haina ganda ivalishwe soksi ya kijani na njano.

Taa ya swichi mbili, ile ya ngazini au koridoni, inastahili kurudiwa nyumbani hadi mkono uzoee. Kila swichi ina vituo vitatu. Moto, yaani waya unaoleta umeme, unaingia kwenye kituo cha pamoja cha swichi ya kwanza, unatoka kwenye kituo cha pamoja cha swichi ya pili kwenda kwenye taa, na vile viwili vilivyobaki vinaunganishwa swichi kwa swichi. Ukichanganya kituo cha pamoja na kimojawapo cha hivyo viwili, taa itawaka pale tu swichi nyingine ikiwa upande fulani. Ukiona dalili hiyo usifumue ubao mzima. Fungua swichi, tafuta kituo cha pamoja.

Kupima kuna mpangilio wake, na ni kabla ya umeme kuingia. Anza na mwendelezo wa ethi, yaani kama waya huo haujakatika popote: gusanisha ncha za mita uone usomaji wa nyaya zake, uutoe kwenye kila usomaji utakaofuata. Shaba ya milimita za mraba 1.5 yenye urefu wa mita 10 inasoma kama omu 0.12, hivyo ukipata omu 3 kuna skrubu iliyolegea. Kisha mega, mita ya kupima kama ganda la waya linazuia umeme kuvuja, kwenye volti 500 DC: moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme), moto na ethi, nyutro na ethi. Toa balbu zote kwanza, maana balbu ya waya iliyobaki itafanya mega isome karibu sifuri na utahangaika kutafuta shoti isiyokuwepo, na ya LED inaweza kuharibika. Washa swichi zote, la sivyo waya ulio mbele ya swichi haujapimwa. Kwenye ile taa ya swichi mbili, pima, geuza swichi moja, pima tena. Kiwango cha chini ni megaomu 1, lakini kazi mpya inayosoma megaomu 2 itafutie unyevu au ganda lililokwaruzwa.

Mwisho ni polariti, yaani kuhakikisha swichi inakata moto na si nyutro. Taa kuwaka haithibitishi chochote hapa, kwa sababu itawaka hata swichi ikikata nyutro, na atakayebadilisha balbu atakuta kishikizo kina moto huku swichi imezimwa. Kwenye kishikizo cha balbu ya kuzungusha, moto uende kwenye kituo cha katikati.

Tenga angalau dakika 30 za mwisho kwa kazi hii, na andika kila usomaji pamoja na kipimo chake. Mega ikipita upeo wake wa 200, andika "zaidi ya 200 MΩ", usiandike "nzuri".