SOMO: Kugawana kazi za kumtengenezea mzazi mzee nyumba kabla hajaanguka

Ndugu zangu, swali la jinsi ya kugawana kazi hizi nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe na hata mlangoni pa kanisa. Leo naliandika lote. Mama yangu ana miaka 79, anakaa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, nyumba ya mlimani. Tumezaliwa sita, wawili tu ndio tuko Bukavu.

1. Itisheni kikao, mama awemo. Awemo pia anayelala naye nyumba moja, hata akiwa msichana wa kazi: ndiye anayejua mama anaamka mara ngapi usiku.

2. Kagueni nyumba siku ya mvua. Utelezi wa hapa kwetu hauonekani mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi.

3. Msisogeze kitu kabla ya kufuata mkono wake.

Hapa ndipo tulipokosea. Jumamosi moja, mama akiwa msibani, tulikuja na watoto tukafanya kama salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Tulifagia, tukatoa mikeka, tukahamisha kabati la vyombo lililokuwa kando ya mlango wa chumba chake ili njia iwe pana. Saa tisa usiku, umeme hakuna, mama akaamka kwenda chooni. Akanyoosha mkono wa kushoto kushika pembe ya kabati, kama alivyofanya miaka yote. Hakukuwa na kabati. Alivunjika kifundo cha mkono, na muda wote wa plasta mjukuu ndiye aliyemfunga kitenge. Asubuhi ile niliutazama ukuta: chokaa ilikuwa imeingia weusi, laini, kwa kimo cha kiuno, kutoka kitandani hadi pale kabati lilipoanzia. Njia yake nzima ilikuwa pale ukutani na sisi tulipita mbele yake na mafagio.

Kwa hiyo, siku mbili kabla ya kazi yoyote, mmoja atembee nyuma yake bila kumwongoza. Anapogusa, tia chaki. Anachoshikilia hakitoki mpaka kingine imara kiwekwe palepale, naye akizoee mchana. Badilisheni kitu kimoja kwa wiki. Msifanye kamwe akiwa hayupo.

4. Kazi moja, jina moja, tarehe moja. "Tutaangalia" si jina. Aliye mbali atume pesa, aliye karibu amsimamie fundi, na anayekaa na mama ndiye atakayesema kazi imekwisha.

5. Bomba la kushikia kwenye ngazi: mama asimame wima na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Kimo ni pale kifundo cha mkono kinapokunjika. Unene sentimita 3 hadi 4, vidole vizunguke.

6. Taa ya sola kutoka kitandani hadi chooni. Mshumaa hapana.

7. Mbabula, yaani jiko la makala (makaa), ilale nje. Makala yakiwaka chumbani hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo inaua watu usingizini.

8. Bidoni (madumu) za maji zitoke njiani.

MASWALI (Bagira, Panzi na Nguba ni sehemu za Bukavu)

Mwana wa Bagira: Yote ni bei gani?

Jibu: Hesabu ngazi, pima mita za bomba, muulize fundi wa jirani. Nyumba yako sijaiona.

Kijana wa Panzi: Sijasoma yote, nina haraka. Fundi anakuja kesho, tutoe vitu gani kwanza?

Jibu: Hakuna. Soma namba 3.

Kijana wa Panzi: Ameshalipwa.

Jibu: Basi aanze na ngazi za nje. Ndani asiguse. Mkono wa mama yangu mpaka leo haufungi kizibo cha chupa.

Binti wa Nguba: Asante yaya (dada mkubwa). Nimemfuata koko, bibi yetu, siku mbili. Hashiki ukuta, anashika bega la mjukuu wa miaka tisa. Nitaweka nini hapo?

Jibu: Umefanya vizuri sana kutazama kwanza. Anamshika kila mahali, au pengine tu? Kama ni hata kwenye sakafu tambarare, mpelekeni kituo cha afya wapime macho na presha, na mbebe dawa zake zote. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu.

Binti wa Nguba: Ni kwenye vizingiti viwili tu.

Jibu: Basi pakeni ukingo wa kila kizingiti rangi nyeupe auone, na mkaze kishikio kwenye miimo yote miwili ya mlango. Mtoto aendelee kumsindikiza mpaka koko mwenyewe aache bega lake.

Fundi Mulima: Mimi ni mjenzi. Saruji ya ngazi msiilainishe kwa mwiko. Ikiwa bado mbichi pitisha ufagio, mistari ikingame na njia ya mguu. Na chimbeni mfereji pembeni, la sivyo mvua italeta udongo juu ya ngazi.

Jibu: Asante fundi, hilo la ufagio naliongeza kwenye namba 5.

Mama Essence: Na makabati yafungwe ukutani. Tetemeko la ardhi la tarehe 3 Februari 2008 hapa Bukavu lilitufunza. Mzee asiwe na kitu kizito juu ya kichwa chake.

Jibu: Mama, la kwetu tulilirudisha mahali pake lakini halijafungwa, na mama hulishika kila usiku. Nampigia fundi sasa hivi. Jina ni langu, tarehe ni Jumamosi hii.