Barafu Hutoa Chumvi Yake Kwanza: Kujifunza Kemia ya Barafu ya Kale kwa Friza ya Lamu

Mtazame mtoto wa Lamu akinyonya barafu ya ukwaju. Dakika za mwanzo anavuta rangi, sukari na uchachu wote. Kinachobaki mfukoni ni donge jeupe lisilo na ladha, na mara nyingi huishia mchangani. Donge hilo ndilo linalowasumbua wanaopima barafu ya milimani. Maji yanapoganda, fuwele hujijenga kwa maji matupu na kuisukuma chumvi kando, kwenye vijishipa vyembamba kati ya fuwele na fuwele. Barafu ikianza kuyeyuka, vijishipa hivyo ndivyo humwagika mwanzo. Anayepima tone la kwanza atasema barafu ina chumvi nyingi, na anayepima la mwisho ataiona safi kuliko maji ya mvua. Wote wawili wamepotea.

Maelekezo haya ni ya walimu wa kemia na wanafunzi wenye friza ya nyumbani. Barafu ya kale yenyewe haipo pwani; iko kwenye ardhi ya milima mirefu ambayo kwa miaka miwili mfululizo au zaidi haijapata joto la kupita nyuzi 0. Kule Lazaun, kaskazini mwa Italia, mwaka 2010 lundo la mawe na barafu lilitobolewa, na barafu ya chini ikakutwa na umri wa zaidi ya miaka 10,000, uliosomwa kwa kaboni-14, ile inayopungua kadiri miaka inavyopita, katika mabaki ya mimea. Lakini kanuni zinazoiendesha barafu ile ndizo zinazoendesha barafu ya friza yako, na makosa ya upimaji ni yale yale.

Vifaa

Nunua kalamu ya kupima upitishaji umeme wa maji, ile wanayotumia wauza maji ya kuchuja; chumvi ikizidi majini, namba yake hupanda. Iweke isome mikrosimensi kwa sentimita. Ikiwa inasoma ppm (sehemu kwa milioni) tu, nyingi kati yake huwa zimegawanya mikrosimensi kwa 2, basi wewe zidisha kwa 2. Soma karatasi yake kwanza, kwani nyingine hutumia kigawanyo tofauti. Tafuta pia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Tahadhari kubwa: dukani chupa ya maji na chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja na hufanana. Asidi hiyo ni ya salfa na huchoma ngozi na macho. Soma lebo, kisha pima: maji safi hutoa namba ndogo, 1 hadi 5 hivi. Kalamu ikipiga maelfu au ikishindwa kusoma, funga chupa uirudishe.

Ongeza chupa za plastiki zenye vifuniko vya kukaza, faneli, glavu, vikombe kumi vinavyofanana, na chombo kimoja chenye kuta nene, kama kipande cha sanduku la kuhifadhia samaki. Usitumie sufuria ya alumini. Kwa chumvi haidhuru sana, ila atakayezoea sufuria leo kesho atapimia humo metali, na alumini atakayoipata itakuwa ya sufuria.

Zoezi la kwanza: kugandisha kutoka juu

Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani, kilichosawazishwa (gramu 6 hivi), ndani ya lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Chukua mililita 100 za mchanganyiko huo, uongeze maji yaliyokenekwa mpaka itimie lita 1. Kalamu itasoma karibu 1,200. Andika namba uliyoipata wewe, usiandike yetu.

Mimina kwenye chombo chenye kuta nene, uache wazi juu, uweke ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuta zinazuia baridi ya pembeni, hivyo barafu hushuka kutoka juu kwenda chini na kuisukuma chumvi mbele yake. Robo tatu ikishaganda, toa. Toboa, mwaga maji ya chini kwenye kikombe, suuza kipande cha barafu haraka kwa maji yaliyokenekwa, kisha kiyeyushe chote ndani ya chupa iliyofungwa. Pima vyote viwili vikiwa na joto moja.

Sasa fanya hesabu, maana hapa ndipo wengi huishia kufurahia rangi ya barafu tu. Kilichoingia lazima kitoke. Ulianza na 1,200. Barafu ambayo ni robo tatu ikisoma 300, maji ya robo iliyobaki yanapaswa kukaribia 3,900. Yakisoma 2,500, kuna chumvi imepotea: huenda ulisuuza mno. Barafu ikisoma 900, uligandisha kwa pupa na chumvi ikanaswa ndani. Ukiitazama kwa karibu utaona ukungu mweupe na viputo katikati. Barafu iliyoganda polepole hung'aa kama kioo.

Zoezi la pili: vikombe kumi

Gandisha lita 1 ya maji yale yale ya 1,200 yote, mpaka ndani. Weka donge juu ya faneli, funika kwa mfuko safi, na ukusanye mililita 100 kwa kila kikombe mpaka vikombe kumi vijae. Kwa joto la Lamu ni kazi ya saa kadhaa, usiondoke. Kikombe cha kwanza kitapita namba uliyoanza nayo kwa mbali, na vya mwisho vitashuka karibu na maji yaliyokenekwa. Katika theluji ya milimani, theluthi ya mwanzo ya maji yanayoyeyuka inaweza kubeba zaidi ya nusu ya chumvi yote. Jumlisha vikombe kumi, gawanya kwa 10: urudi karibu na 1,200. Usiporudi, ama donge lilivuja pembeni ya faneli, ama vikombe havikuwa safi.

Kwa hiyo kanuni ya maabara: sampuli huyeyushwa yote, ndani ya chombo kilichofungwa, ikatikiswa, ndipo ikachotwa.

Stima ikipotea usiku, kanuni hiyo inavunjika bila wewe kujua. Donge huyeyuka kidogo, chumvi hukimbilia chini, kisha linaganda upya na asubuhi linaonekana zima. Dawa yake ni sarafu: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache friza pamoja na sampuli. Ukiikuta sarafu imezama, sampuli zile ni za kutupa.

Hewa ya bahari na jasho lako

Barafu safi ya milimani husoma mikrosimensi chache tu. Jasho lina gramu 2 hivi za chumvi kwa lita. Tone moja likidondoka ndani ya mililita 100 huongeza karibu mikrosimensi 2, yaani unaweza kuwa umepima paji la uso wako. Upepo wa kusi nao hubeba chumvi ya mawimbi. Jaza vikombe viwili maji yaliyokenekwa, kimoja ukifunike na kingine ukiache wazi darini usiku mzima, upime asubuhi. Ndiyo sababu kila kundi la sampuli hufuatana na sampuli tupu: maji yaliyokenekwa yanayopitishwa kwenye chupa zile zile, faneli ile ile na mikono ile ile. Namba ya sampuli tupu ikikaribia ya barafu, huna matokeo.

Mawe yakiwamo

Barafu ya ndani ya ardhi haifanani na ile ya kilele, iliyotokana na theluji kushindiliwa. Imekaa na mawe, na mawe huzungumza na maji. Omba kwa fundi mwashi vibanzi vya mawe ya matumbawe yanayojengewa nyumba za Lamu, vioshe mara tano kwa maji yaliyokenekwa, uvisage. Gandisha vikombe viwili vya maji yaliyokenekwa, kimoja kikiwa na kijiko cha vumbi hilo. Yeyusha, kisha pima papo hapo, baada ya saa moja, na kesho yake. Kikombe chenye vumbi kitaendelea kupanda, kwa kuwa matumbawe ni kalsiamu kabonati na huyeyuka pole pole, na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) nayo hupanda. (Ukitaka kuhakikisha jiwe, lidondoshee siki: litatoa povu.)

Milimani mambo hugeuka. Mawe mengi ya huko yana pairati, yaani chuma na salfa. Ikipata maji na hewa hutoa asidi ya salfa, pH hushuka, na asidi hiyo hung'oa nikeli, manganizi, zinki na alumini kwenye miamba. Ziwa Rasass, Italia kaskazini, linalopokea maji ya barafu ya namna hii, lilikutwa na nikeli zaidi ya mara 10 ya kikomo cha Ulaya cha maji ya kunywa, ambacho ni mikrogramu 20 kwa lita.

Basi barafu yenye mawe huchujwa mara tu inapomaliza kuyeyuka, kwa kichujio chenye matundu ya mikroni 0.45 (chini ya sehemu ya elfu ya milimita) kwenye sirinji. Ya kupima metali hutiwa asidi ya naitriki safi mpaka pH ishuke chini ya 2, ili metali zisishikamane na kuta za chupa. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya jikoni. Utaratibu wake usipinduliwe: ukitia asidi kabla ya kuchuja, asidi huyeyusha vumbi lenyewe, na ripoti itataja nikeli ambayo haikuwamo ndani ya maji. Ya kupima isotopu za oksijeni, yaani oksijeni nyepesi na nzito, haitiwi asidi. Chupa hujazwa mpaka juu bila nafasi ya hewa na kukazwa, kwa sababu maji yakikauka kidogo tu, oksijeni nyepesi huondoka kwanza na usomaji wote huhama.