Mada ya kitabu cha maarifa kwa watoto: tafuta swali kwanza

"Dinosaria" bado si mada, ni pori. Ukimwingiza humo mtoto wa miaka 9 bila njia, atachoka ukurasa wa tatu. Tafuta swali ambalo mtoto mwenyewe angeuliza: mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, ilifikaje Berlin? Hapo una mahali, una watu, una safari. Wajerumani waliichimbisha mwaka 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo kiunzi kimoja chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama katika jumba la makumbusho huko Berlin.

Sasa lipime swali lako. Kitabu cha kurasa 24, ukitoa ukurasa wa jina, wa haki za uchapishaji na wa msamiati, hubakiwa na kurasa kama 20, yaani jozi 10 za kurasa zinazotazamana. Andika swali dogo moja kwa kila jozi. Ukikwama kwenye la sita, mada ni nyembamba. Iandikie makala ya gazeti. Ukifika 25 na bado yanamiminika, kata: andika habari za wapagazi peke yao, au jinsi mfupa unavyogeuka jiwe.

Kando ya kila swali, taja picha yake. Picha zikigoma, mada inaelea hewani. "Utawala bora" ni mfano mzuri: watu wazima huipenda, watoto huikimbia. Lakini "karatasi ya kura huenda wapi ikishatumbukizwa sandukuni?" inachoreka, hatua kwa hatua.

Kisha wajaribie watoto wenyewe. Usiwaulize wanapenda kusoma nini, maana watakujibu lile wanalodhani mwalimu anataka kusikia. Wasomee majina manne ya vitabu ambavyo havijaandikwa, halafu nyamaza. Jina linalozaa maswali ndilo lako. Linalozaa "ndiyo mwalimu" liache, hata kama unalipenda.

Hakiki pia kama habari zake zinathibitika, angalau kwa vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Vitabu vya zamani humwita dinosaria yule wa Berlin Brachiosaurus. Wataalamu wengi sasa humwita Giraffatitan. Mabadiliko ya namna hiyo hayaiui mada, ila lazima uweze kuyaeleza kwa sentensi mbili ambazo mtoto atazielewa.

Mwisho, tafuta swali gumu lililojificha ndani ya mada. La Tendaguru liko wazi: uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji, nchi ikiwa koloni. Mtoto atauliza, "Mbona mifupa haijarudi?" Waandishi wengi huliruka swali hili, kitabu kikabaki na shimo katikati. Kama hujawa tayari kuliandikia jozi nzima ya kurasa, chagua mada nyingine kwa sasa.